Alama Mbili kwenye Karatasi Moja

Mimi si mtu wa kushtuka ovyo. Nimelelewa Kisumu, nimesomea Uppsala, nimesafisha vyumba vya hoteli alfajiri na theluji ikiwa magotini. Nilidhani mambo ya kunishtua yameisha duniani. Lakini Septemba ya mwaka 2010 nilishtuka hadi mlinzi akanishika mkono na kunitoa ukumbini. Ebu niwaeleze.

Nilikuwa nimeajiriwa na chama. Jina lake siwatajii, na si kwa uoga. Vyama vya huku tabia yao ni moja, ukitaja kimoja umevitaja vyote. Baada ya uchaguzi mkubwa wa Marekani, ule wa 2008, kila chama cha Ulaya kilikuwa kinatafuta mtu wa mtandao, na chetu pia hakikutaka kuachwa nyuma. Mkuu wa ofisi ya chama hapa Stockholm, mama wa Kiswidi aitwaye Gunnel, aliposoma barua yangu ya kuomba kazi na kuona mimi ni Mluo wa Kisumu, macho yakamng'aa. Alidhani sisi ushindi tunazaliwa nao. Mimi nani nimkatalie? Kazi ni kazi, jameni. Nikapewa meza, kompyuta, na cheo kirefu cha Kiswidi ambacho maana yake ni kwamba mimi, Akeyo, ndiye wa Facebook.

Sasa sikilizeni jinsi wanavyopanga mambo, maana bila hili hamtanielewa. Kura za huku ni za chama. Unachukua karatasi ya chama chako, na juu yake kuna majina kutoka la kwanza hadi la mwisho. Chama kikipata viti tisa vya baraza la manispaa, majina tisa ya juu yanaingia, basi. Na hao wa juu ni walewale waliokaa vikaoni tangu wakiwa vijana wa chama, wanajuana hadi majina ya paka wao. Wetu, wale ambao Gunnel lazima akohoe kidogo kabla ya kutamka majina yao, huwekwa chini kabisa, kama nyanya za kupamba sahani ya pilau. Zinapendeza, lakini hakuna aliyekuja kuzila.

Ila kuna mlango mmoja mdogo. Mpiga kura anaruhusiwa kuweka alama ya X kando ya jina analolipenda. Hapa wanaiita kryss. Jina likipata alama kutoka kwa watu watano katika kila mia waliokipigia chama, linaruka wote na kuingia barazani, hata kama lilikuwa la mwisho. Huo ndio mlango niliotaka kumpitishia Emérithe.

Emérithe ni Mrundi wa Bujumbura. Alikuja hapa akiwa mkimbizi, na miaka hiyo alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Norsborg, mwisho wa laini nyekundu ya treni. Wote tulimwita Mama Mélissa kwa jina la bintiye. Ana sauti ya chini na hana haraka, na akikukazia macho unajikuta umekubali kuosha sufuria. Kwenye karatasi ya chama alikuwa wa ishirini na mbili.

Hakuingia kwa uroho wa cheo. Karibu na kituo cha treni kulikuwa na chumba cha akina mama, cha manispaa. Mama aliyejifungua anaingia na mtoto wake, hakuna miadi, hakuna foleni. Kuna vitu vya kuchezea, kuna kahawa ya bei ya chini, na kuna wahudumu wanaozungumza Kiswidi polepole mpaka ukielewe. Emérithe alijifunza Kiswidi mle akiwa na Mélissa magotini. Kiswidi chake chote kilitoka kwenye sakafu ile. Sasa manispaa ilitaka kukifunga, eti kubana matumizi. Uamuzi ulikuwa ufanywe na baraza jipya, na chama chetu kilikuwa kimegawanyika katikati.

"Nikipata kiti kile, mlango haufungwi," aliniambia siku nilipoenda kumshawishi. "Ni hilo tu, mdogo wangu. Siasa zingine zote mtabaki nazo."

Wa ishirini na tatu, chini yake tu, alikuwa Maina. Huyu ni Mkenya, dereva wa basi, sauti ya nne kwenye kwaya yetu, mtu mpole hadi anakera. Hakuwa ameomba. Orodha ilibaki na nafasi, Gunnel akauliza kama sina Mwafrika mwingine, kwa sababu wawili wanapendeza kuliko mmoja. Nilitaka kumng'ata. Lakini kabla sijajibu alikuwa ameshampigia Maina simu, na Maina ni mtu ambaye ukimwomba figo atakuuliza unataka ya upande gani.

Lazima niwaambie pia kuhusu kanisa letu, na hapa tegeni masikio. Ibada yetu ni ya Kiswahili, ya mchana, Waswidi wakishamaliza yao. Kuna Warundi na Wanyarwanda upande mmoja, Wakenya upande mwingine, na Watanzania na Wakongo wachache wanaojaza katikati. Zamani, kabla sijaingia, walipigania uongozi wa kwaya, Wakenya wakaondoka na kinanda chao, Kwaresima nzima watu wakaimba makavu. Waliporudiana wakaweka desturi. Kila cheo kina watu wawili, mmoja wa huku na mmoja wa kule. Viongozi wa kwaya wawili, watunza hazina wawili, hata ufunguo wa jikoni unashikwa na akina mama wawili. Siku ya kuchagua, kila mtu anaandika majina mawili. Na ukiandika moja, mzee Deusdedit, Mtanzania wa Bukoba anayehesabu kura zetu, anaiinua karatasi yako juu, anaichana mbele ya kanisa zima na kusema, "Hii ni kura ya mgawanyiko!" Watu wanapiga makofi. Mimi mwenyewe nimeshapiga makofi hayo, tena kwa nguvu.

Basi nikaanza kazi. Nikafungua ukurasa wa Facebook. Nikamrekodi Emérithe jikoni kwake akizungumza Kiswahili, halafu Kirundi, halafu kile Kiswidi chake cha sakafuni ambacho Waswidi wanakipenda kuliko cha televisheni. Nikapiga picha ya karatasi ya kura, nikachora alama kubwa nyekundu kando ya jina lake, na chini nikaandika kwa Kiswahili: "Weka alama yako kwa Mama Mélissa." Watu wakaipenda picha ile balaa. Marafiki wa ukurasa wakafika elfu mbili. Nikatembea kwenye korido ya ofisi kama bibi harusi.

Gunnel akaniita kikaoni nikawaonyeshe wakubwa. Mzee mmoja wa chama akainua mkono, akauliza kwa upole, "Wanaishi wapi hawa?" Nikafungua mbele ya wote. Nairobi. Bujumbura. Kigali. Minnesota. Oslo. Nairobi tena. Mmoja alikuwa melini. Walicheka, na Waswidi wakicheka kikaoni ujue mambo yameharibika. Uso ulinichoma kama nimeuinamia mvuke wa ugali.

Lakini hasira zangu huwa zina faida. Nikaacha kutafuta marafiki, nikaanza kutafuta ngazi. Kila ngazi ya kila ghorofa nikaiundia kikundi chake mtandaoni, na kila kikundi nikakipa mtu mmoja wa kugonga milango. Tukawatafuta hata wasio raia, maana mtu aliyesajiliwa hapa miaka mitatu anaruhusiwa kupiga kura ya manispaa, na nusu yao hawakujua. Tulihitaji alama kama mia moja na hamsini. Mwisho wa Agosti nilikuwa na ahadi zaidi ya mia mbili, za watu wenye milango na majina kwenye milango. Gunnel akaacha kucheka. Akaanza kuniletea kahawa.

Wiki mbili kabla ya kura, upepo ukabadilika kanisani. Wakenya walianza kuuliza kwa nini uso wa Mama Mélissa uko kila mahali na wa Maina hauko popote. Maina hakuuliza, waliuliza kwa niaba yake. Kwenye kikundi cha Facebook cha kwaya, kile cha ndani, mtu akaniandikia: "Akeyo, wewe kweli ni wa kwetu?" Wa kwetu! Mimi niliyewajazia fomu za nyumba nusu yao! Niliandika maneno ambayo siyarudii hapa, nikajitoa kwenye kikundi, nikafunga kompyuta kwa kishindo hadi kikombe kikaanguka. Nikasema hao watanipata siku ya kura. Na kweli walinipata.

Jumapili ya uchaguzi jua lilikuwa zuri. Watu walitoka ibadani moja kwa moja hadi shule ya kupigia kura, na vitenge vyao na suti zao, hadi Waswidi wa foleni wakauliza kama kuna harusi. Mzee Deusdedit alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mwanangu," akasema, "leo kanisa limepiga kura kama mtu mmoja."

Nikamkumbatia. Machozi yalinitoka, sioni aibu kusema. Niliona wazi Mama Mélissa ameketi kwenye kiti kile, na chumba kiko wazi, na Gunnel anajifunza kutamka jina lake.

Kura za chama huhesabiwa siku hiyohiyo. Zile alama za majina zinahesabiwa baadaye, wiki hiyo, mchana kweupe, kwenye ukumbi mkubwa, na mwananchi yeyote anaruhusiwa kusimama na kutazama. Wenyeji hawaendi, wanasubiri kusoma gazetini. Mimi nilienda. Mtoto wa Kisumu aambiwe kura zinahesabiwa na watu wanaruhusiwa kutazama, abaki nyumbani? Nilisimama nyuma ya kamba, hatua chache kutoka meza ya mtaa wetu, na chupa yangu ya maji.

Mezani alikuwa mama mwenye miwani iliyofungwa uzi shingoni, na kijana wa kumsaidia. Walikuwa na mafungu. Fungu kubwa la karatasi zisizo na alama, na vifungu vidogo kwa kila jina. Karatasi ya kwanza ya watu wetu niliijua nilipoiona, alama nene ya kalamu, nambari ishirini na mbili. Ikaenda kwenye kifungu cha Emérithe. Nikapumua. Nyingine. Nyingine tena. Nikaanza kuimba moyoni.

Halafu yule mama akashika karatasi, akaitazama, akavaa miwani. Akamwonyesha kijana. Kijana akatikisa kichwa. Ikaenda kwenye fungu la zisizo na alama.

Ala! Nilikuwa nimeiona kwa macho yangu. Alama ilikuwepo, tena kubwa. Nikasogea hadi kamba ikanibana tumbo. Karatasi iliyofuata nikaiona vizuri: alama kwa ishirini na mbili, na chini yake, nadhifu kabisa, alama kwa ishirini na tatu. Emérithe na Maina. Ikaenda kulekule. Iliyofuata hivyohivyo. Na iliyofuata. Zilikuwa zimeshikamana, kana kwamba familia nzima ilisimama foleni moja, na bila shaka ilisimama.

"Samahani," nikamwambia kwa Kiswidi, na sauti yangu ilikuwa imeshapanda. "Hizo mbona unaziweka huko?"

"Alama ni mbili," akajibu, hata hakukasirika. "Kura ya chama inahesabiwa. Ya mtu inabaki tupu. Ukiweka mbili ni sawa na hukuweka. Imeandikwa kwenye karatasi."

Aliniambia kwa upole, kama unavyomwambia mtoto kwamba duka limefungwa. Na kweli imeandikwa, kwa Kiswidi, kwa herufi ndogo, na mimi nilishaisoma mara ngapi sijui. Haikuwahi kunipitia kichwani kwamba kuna binadamu atakayeweka mbili. Halafu nikasikia mtu akipiga kelele kwa Kiswahili kwenye ukumbi ule wa kimya, "Mungu wangu, wameniua! Wameniua watu wa kanisa!" Alikuwa ni mimi. Mlinzi akaja, akanishika mkono taratibu, akanisindikiza hadi nje na chupa yangu ya maji.

Kesho yake matokeo yakatoka. Emérithe alikuwa na alama mia moja ishirini na tisa. Zilihitajika mia moja arobaini na nane. Zile za alama mbili, kijana wa mezani aliniambia mlangoni kwa huruma, zilikuwa zinakaribia mia. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Hapa hata hiyo moja hatukubaki nayo.

Nilimtafuta Deusdedit. Nilimkuta kanisani anapanga viti, na sikumsalimu, mimi niliyefundishwa shikamoo kwa fimbo.

"Mzee, nani aliwaambia watu waweke alama mbili?"

Akanitazama kama nimeuliza nani aliwaambia wavae viatu. "Si wewe?"

"Mimi?"

"Picha ilikuwa yako, mwanangu."

Akanipeleka kwenye kompyuta ya ofisi ya kanisa, akafungua kikundi cha kwaya, kile nilichojitoa. Picha ilikuwa yangu kweli. Karatasi ile, rangi ile. Lakini chini ya alama yangu nyekundu kulikuwa na nyingine, nyekundu vilevile, kando ya jina la Maina. Na maneno yalikuwa mapya: "Tusigawanyike. Mama Mélissa na Baba Ronny, wote ni wetu." Ronny ni mtoto wa Maina. Picha ilikuwa imependwa na kila mtu. Kila mtu mwenye mlango, na jina kwenye mlango.

"Nani aliileta hii?" Niliuliza huku nikijua atakayetajwa nitamrarua.

"Mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Mama Mélissa, mwanangu. Kwani hakukwambia?"

Nilikalia viti vinne vilivyopandanishwa, nikabaki huko juu miguu ikining'inia. Sikuwa na neno. Mwulizeni mume wangu, atawaambia hilo halijawahi kutokea.

Norsborg nilifika sijui vipi. Mélissa alinifungulia mlango. Alikuwa na miaka kumi na minane, ameshajua matokeo na sababu yake, macho yamemvimba. Alinijibu kwa Kiswidi, kama walivyo watoto wa huku, ukiwauliza kwa Kiswahili. Ni yeye aliyeichora ile alama ya pili. Mama alimwomba. Alidhani mimi najua.

Emérithe alikuwa jikoni anatwanga isombe, kisamvu cha kwao. Aliponiona aliacha mchi.

"Mbili ni sifuri?" akauliza. "Akeyo, niambie weye. Mbili inakuwaje sifuri?"

"Mama Mélissa, kwa nini?" Nililia, sikuuliza. "Kwa nini hukuniuliza? Miezi mitano! Ngazi kwa ngazi! Kwa nini?"

Akafuta mikono kwa aproni, akaketi. "Weye ulitoka mule kwa hasira. Miye nilibaki. Nilisoma yote waliyoandika. Wakenya waliandika 'sisi' na 'wao'. Halafu na wa kwetu wakajibu 'sisi' na 'wao'. Jumapili wakakaa mbalimbali, hata watoto. Dada, miye najua maneno hayo mawili yanaanzaje. Bujumbura yalianza hivyohivyo, kwa kukaa mbalimbali. Niliacha nyumba kwa sababu yake, niliacha kaburi la mama yangu. Ningenyamaza ili nipate kiti?"

Akausogeza mchi kando.

"Nikawaza, tufanye kama tunavyofanya kanisani. Majina mawili, kila mtu ana amani. Na Waswidi nawajua, wanapenda haki. Hata bili ya kahawa wanaigawa. Nikajiambia, wataigawa kura, nusu kwangu, nusu kwa Maina. Nusu zingetosha, Akeyo. Leo nimepiga hesabu, nimekosa kumi na tisa tu. Zingetosha."

Mungu anisamehe, nilitaka kucheka. Nusu kwa nusu! Halafu nikakumbuka jambo.

"Na wewe? Yako wewe uliwekaje?"

Alinishangaa. "Mbili. Ningewezaje kuweka jina langu peke yake? Si ulafi huo?"

Mélissa alitoka jikoni mbio. Nilimsikia analia chumbani.

Kengele ya mlango ikalia. Alikuwa Maina, na sare yake ya basi, na keki ya krimu ya dukani, na tabasamu hadi masikioni. Alikuwa ametoka zamu, hakuwa amesoma chochote. "Hongera mheshimiwa!" akatangaza mlangoni kwa sauti yake ya nne. Nikamweleza mimi, na sikumweleza vizuri. Alisikiliza ameshika keki, halafu akaiweka juu ya friji polepole.

"Lakini mimi niliweka moja," akasema.

Nilimgeukia. Yaani huyu mpole, huyu wa kuombwa figo! Watu wanaacha kura zao ziungue kwa ajili yake, naye anajiwekea mwenyewe!

"Kwako, sivyo?" nikamwambia. "Sema! Ulijiwekea!"

"Aka!" Maina alirudi nyuma hadi mlangoni. "Nijipigie kura mimi? Mbele ya Mungu? Niliweka kwa Mama Mélissa. Na mke wangu nilimwambia hivyohivyo. Ile picha niliona ni heshima tu, mnanistahi. Mimi kiti nakitakia nini, Akeyo? Nina basi lina viti hamsini."

Emérithe alicheka. Alicheka akashika meza, na mimi nikaona aibu ya maneno yangu, nikataka kucheka naye. Ndipo nikaona si kicheko tena. Alikuwa analia kwa sauti, yeye ambaye sikuwahi kumsikia akipandisha sauti. "Maina," alikuwa akisema, "Maina, weye ndiye ulinichagua. Miye sikujichagua." Maina alisimama pale na kofia yake ya kazi mkononi, hajui aishike wapi.

Mkataba wangu na chama uliisha mwezi huo. Gunnel alinipa maua, akaniambia tulifanya kampeni ya kuvutia sana. Niliyachukua maua nikaondoka, nilijua nikianza kusema sitamaliza.

Chumba cha akina mama kilifika barazani Februari. Tulienda watatu, Emérithe, Maina na mimi, tukaketi juu, kwenye viti vya watazamaji, mahali ambapo unaruhusiwa kusikiliza na huruhusiwi kusema. Emérithe alikuwa ametoka kazini, bado ana viatu vyake vyeupe. Kiti chake nilikiona vizuri kutoka kule juu. Alikikalia bwana Stellan, wa tisa kwenye karatasi na wa mwisho wa chama chetu kuingia, mzee mstaarabu, mwenye tai yenye picha za bata. Nilimwomba Mungu wiki nzima ambadilishe moyo.

Walizungumza kwa muda. Mmoja alisema akina mama wanaweza kukutana maktaba. Kisha mwenyekiti akaita kura, wakabonyeza vitufe vyao, na matokeo yakawaka ukutani. Kufunga: thelathini na moja. Kutofunga: thelathini. Nilitafuta jina la Stellan kwenye ubao ule. Alikuwa amebonyeza kufunga.

Nikageuka kumshika Emérithe mkono, lakini mkono wake haukuwepo pale. Alikuwa ameuinua. Amesimama na viatu vyake vyeupe, mkono wa kulia juu kabisa, umenyooka, kama mwanafunzi anayejua jibu. Maina alimtazama, akainuka naye, akatia mkono wake mfukoni akaushikilia humo.

"Mama Mélissa, keti," nikamnong'oneza. "Watatutoa."

"Moja tu, Akeyo," akasema, bila kunitazama. "Waone ni moja tu."

Mwenyekiti aliinua macho akamwona. Alisubiri kidogo, kwa adabu, aone kama mama huyu atashusha mkono. Halafu akainamisha kichwa, akasoma jambo lililofuata kwenye ajenda, la maegesho ya magari.